Magoti ya Kwemvumo

1

Ilikuwa siku ya mia moja na mbili tangu ukungu ushuke juu ya mashamba ya chai ya Kwemvumo ukagoma kuondoka. Paneli za jua zilizokuwa juu ya paa la hospitali hazikuwa na faida zaidi ya ile ya mabati. Asubuhi hiyo, saa nne na nusu, Sikudhani Shemdoe alikaa chini katikati ya mstari wa chai, kapu likiwa bado mgongoni.

Hilo lilikuwa jambo geni. Sikudhani alikuwa na miaka hamsini na sita, na hakuna mchumaji aliyewahi kumwona ameketi kabla ya saa sita. Msimamizi wa shamba alimpigia fundi simu kabla hata hajampa mwanamke huyo maji ya kunywa.

Fundi alikuwa Mwantumu Shechambo. Kibanda chake kilikuwa pale getini, juu kabisa mwa shamba, na alikuja akiteleza kwenye majani yaliyolowa, kibao chake cha skrini amekibana kwapani.

"Shikamoo, dada Sikudhani."

"Marahaba. Mimi siumwi. Magoti yamegoma tu."

Mwantumu alipiga magoti mbele yake akamkunjia suruali. Kwenye kila goti kulikuwa na pindo, mkanda mwepesi kama soksi, wenye uti mwembamba wa chuma kandokando na kimfuko nyuma. Ndani ya kimfuko kulikaa chembe kumi, kila moja na ukubwa wa punje ya hindi. Mtu akitembea, goti lilipinda na kunyooka, uti ukapinda na kunyooka nao, na chembe zikajaa umeme moja baada ya nyingine. Iliyojaa iliwaka kijani. Za Sikudhani zilikuwa zimeshawaka tatu.

"Yanauma?"

"Hayaumi. Yamechoka." Sikudhani alinyoosha mguu polepole. "Umewahi kutembea kwenye jaruba la mpunga? Hapa si jarubani, lakini kila nikipandisha mguu ni kama kuna mtu kanishika kisigino."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipokuja kuyatengeneza, ule mwezi wa tano. Nikirudi nyumbani nakula kama mtu aliyetoka kupasua mbao, na bado sketi inanivuka. Hata wenzangu ni hivyohivyo. Waulize."

"Mbona hamkusema?"

Sikudhani alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si ulituambia hatutahisi kitu? Mimi nikajua ni uzee."

Ni kweli, Mwantumu alikuwa amesema. Alisimama juu ya kreti la chai mbele ya wachumaji themanini, akatamka maneno hayohayo matatu: hamtahisi kitu chochote.

Yeye ndiye aliyebuni pindo, na la kwanza alilibuni vizuri. Mguu unapotupwa mbele, lazima usimamishwe kabla kisigino hakijagusa ardhi, na misuli ya nyuma ya paja ndiyo hufanya kazi ya breki. Pindo la kwanza lilimsaidia mvaaji kushika breki hiyo, na kile ambacho kingepotea kwa joto likakigeuza umeme. Mwili haukudaiwa chochote. Kila mchumaji alijaza chembe tatu kwa siku, na zilipelekwa hospitali kuyaendesha makoti ya pumzi.

Makoti hayo yalivaliwa na watu ambao mapafu yao yaliharibiwa na vumbi la machimbo ya mawe ambayo siku hizi yamefungwa. Koti liliminya na kuachia kifua, likamsaidia mtu kuvuta hewa. Chembe moja iliyojaa ilikuwa saa moja ya pumzi ya mtu mmoja. Nguzo za umeme zilisombwa na maporomoko mwaka juzi, na jenereta la hospitali lilitosha chumba cha upasuaji peke yake. Kwa hiyo chembe ndizo zilizokuwa uhai.

Kisha baridi ikaja na ukungu wake. Wagonjwa wa makoti wakapanda kutoka kumi na mmoja hadi ishirini na sita. Mwantumu akabadili amri ndani ya mapindo, yachukue pia pale mguu unaposukuma kupanda. Chembe tatu zikawa nane. Kwenye hesabu zake mzigo wa ziada ulionekana mdogo, kama mtu aliyebeba kilo moja ya sukari.

"Leo nenda nyumbani," alimwambia Sikudhani. "Niachie mapindo yako."

"Unayapeleka wapi?"

"Nayavaa mwenyewe."

2

Kesho yake Mwantumu alichuma chai kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Alivaa kinyago cha kupimia pumzi, na wachumaji walimcheka kidogo kwa sababu alifanana na mtu anayefukiza nyuki. Asubuhi aliyaweka mapindo kwenye amri ya zamani. Baada ya chakula cha mchana akayarudisha kwenye amri ya mwezi wa tano.

Kufikia saa tisa aliacha kujibu mtu aliyemsemesha. Mkono ulikuwa mzima, mgongo ulikuwa mzima, lakini kila hatua ya kupanda ilimtaka aifikirie kwanza. Saa kumi alihesabu mashina ya chai yaliyobaki kabla ya mwisho wa mstari, akafika, akaona aibu kwamba alikuwa akiyahesabu.

Kinyago kilimwonyesha jambo alilolijua tangu chuoni. Misuli ikisukuma, sehemu kubwa ya chakula cha mtu huishia kuwa joto. Ili pindo lipate umeme wa chembe moja kutoka mguu unaosukuma, mwili wa Sikudhani ulilazimika kuchoma chakula cha chembe nne. Jambo ambalo Mwantumu hakulifanya ni kulizidisha kwa saa kumi za mteremko mkali, siku sita za wiki, miezi mitatu, kwenye mwili wa mtu wa miaka hamsini na sita anayekula ugali na maharage.

Alikwenda hospitali akiwa bado na matope. Hospitali ilikuwa chini kijijini, mwendo wa saa moja na nusu kutoka getini, na siku hiyo alishuka kwa gari la majani.

Daktari Gwakisa Mwaijande alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu mwembamba aliyezoea kuzungumza akiwa amesimama.

"Nimekuelewa," alisema. "Sasa nifafanulie upande wa pili. Ukirudisha amri ya zamani, tutapata chembe ngapi?"

"Mia mbili na arobaini kwa siku."

"Na makoti yanakula ngapi?"

"Mia sita na ishirini na nne."

Daktari alimshika kiwiko akampeleka hadi mlangoni pa wodi. Watu walikuwa wamekaa vitandani, hakuna aliyelala, makoti yao yakiminya na kuachia kwa pamoja kama watu wanaopiga makasia. "Nionyeshe kumi wa kubaki, fundi. Mimi nimejaribu kuwachagua. Nimeshindwa."

"Wachumaji wanaisha, Daktari. Mmoja alikaa chini jana. Mwezi ujao wataanguka."

"Mwezi ujao ukungu utaondoka na jua litarudi. Ninaomba wiki tano tu. Wape chakula zaidi, nitazungumza na shamba wapewe maziwa. Lakini usiwaambie bado."

"Kwa nini nisiwaambie?"

"Kwa sababu ukiwaambia lazima uwaulize, na ukiwauliza wanaweza kukataa. Ni haki yao kukataa. Halafu mimi nitamwambia nini yule bibi wa kitanda cha tatu?" Alisugua macho. "Na wewe utamwambia nini Hoza?"

Hoza alikuwa mume wa Mwantumu. Koti lake lilikuwa namba kumi na tisa.

3

Alimkuta Hoza ameketi barazani, anachonga mwiko. Zamani, kabla ya kwenda machimboni, alikuwa seremala wa milango na vitanda. Siku hizi alifanya kazi za kukaa. Koti lake la bluu liliminya, likaachia. Jua halikuwa limezama, lakini ukungu ulikuwa umeshaleta giza.

Mwantumu alipakua wali, akala sahani nzima, akapakua nyingine.

"Mama Tunu," Hoza alisema, "leo unakula kama askari."

Binti yao Tunu alikuwa chuoni Tanga, na tangu aondoke nyumba ilikuwa ya watu wawili wasiofichana mengi. Mwantumu alimweleza yote: magoti ya Sikudhani, kinyago, chembe nne kwa moja, maneno ya Daktari. Alipofika kwenye wiki tano, Hoza aliweka mwiko chini na kupeleka mkono kwenye swichi ya koti.

"Usizime, Baba Tunu."

"Sizimi. Nalisikiliza tu." Koti liliminya chini ya kiganja chake. "Nilifanya kazi machimboni miaka tisa. Unajua nani alituambia vumbi lile halina madhara?"

"Hujawahi kunitajia."

"Alikuwa mkuu wa usalama. Mtu mpole kabisa. Alitujua kwa majina, alikuja misibani, wake zetu wakijifungua alileta sabuni. Nadhani aliamini alichokisema, mwanzoni. Baadaye akaanza kujua, na alipojua akaona kwamba tukiambiwa tutaondoka, na sisi tulikuwa na watoto wa kulisha. Akanyamaza kwa kutuonea huruma." Hoza alivuta pumzi, akaipata. "Nimemsamehe mengi, lakini sijaweza kumsamehe ile huruma."

Mwantumu aliangalia mikono yake iliyokwaruzwa na chai.

"Nikiwaambia wakavua, koti lako litadumu hadi kesho kutwa mchana. Nimeshapiga hesabu."

"Nimekusikia."

"Unasema nimekusikia kana kwamba nimekwambia mvua itanyesha."

"Naogopa, Mwantumu. Naogopa sana." Ilikuwa nadra kumwita kwa jina. "Lakini usinifanye mimi kuwa sababu. Miezi mitatu nimevuta pumzi ya wale kina mama bila kujua inawagharimu nini. Sasa nimejua. Kesho nikikutana na Sikudhani njiani nitamwangaliaje?"

Akaokota mwiko, akaugeuza mkononi, hakuuchonga tena.

"Waambie," alisema. "Na usiwaambie kwa mzunguko."

4

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wachumaji walikuwa wamepanga foleni getini kuchukua mapindo. Mwantumu aliwaomba wasivae kwanza. Safari hii hakupanda juu ya kreti. Alisimama chini, mbele ya foleni, akawaambia.

Aliwaambia kwamba mwezi wa tano alibadili amri, na kwamba tangu siku ile mapindo yalikuwa yanawachosha na kuwakondesha. Aliwaambia uchovu wao haukuwa uzee wala uvivu. Aliwaambia alikuwa na elimu ya kutosha kulijua hilo kabla hajaanza, lakini alitaka sana liwe jepesi, basi akalifanya jepesi kwenye karatasi. "Nilisema hamtahisi kitu. Niliwadanganya. Asubuhi hii nimeizima ile amri, kwa wote."

Kisha mwanamke mmoja kijana, Zaituni, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilikuwa nalia nyumbani. Mume wangu ananiambia nadeka."

"Najua sasa."

"Hukujua. Hukuuliza."

"Kweli. Sikuuliza."

Maneno yakaanza kutoka pande zote. Mmoja alisema havai tena maishani mwake. Mwingine alisema wangeulizwa wangetoa, kwani wale wa wodini ni kina nani kama si kaka zao na baba zao. Kinachouma ni kuchukuliwa kama maji ya bomba. Mzee mmoja wa kiume, mpimaji wa mizani, aliuliza swali ambalo wote walikuwa wakilizunguka: makoti yatadumu hadi lini?

"Hadi kesho mchana," Mwantumu alisema.

Hapo kelele zilikoma. Sikudhani alisogea mbele. Alikuwa ameshika mapindo yake mawili mkononi kama mtu aliyeshika samaki.

"Nataka nielewe kitu," alisema. "Lile pindo la zamani halikutuchosha, kwa sababu lilichukua pale mguu unapojizuia. Ndivyo?"

"Ndivyo. Pale mwili unaposhika breki."

"Sasa mdogo wangu, mimi nimepanda na kushuka mlima huu tangu nikiwa binti. Kupanda kunanitoa jasho. Lakini kinachoniua magoti ni kushuka. Nikishuka kwenda nyumbani ile saa moja na nusu, njia nzima najizuia nisianguke. Njia nzima ni breki." Akainua mapindo. "Na haya nakuachia wewe hapa getini, jioni, kabla sijaanza kushuka. Kwa nini?"

Mwantumu aligeuka akaitazama rafu ya kibandani.

Sheria ya kuyaacha getini aliiandika mwenyewe, mwaka wa kwanza, kwa kuhofia yatapotea vijijini. Kila jioni kwa miaka miwili watu themanini waliteremka mlima mzima, mita mia saba za kwenda chini, uzito wa miili yao yote ukimalizikia kwenye magoti kwa maumivu na joto. Na yeye alikuwa ameketi kibandani akiyapanga mapindo kwenye rafu.

"Kwa sababu sikuwaamini," alisema.

"Haya," Sikudhani alisema, bila hasira. "Tujaribu."

Haikuwa kazi ya kuyavaa tu. Kwenye mteremko goti hufanya kazi kinyume. Hupinda likiwa limebeba mtu mzima, na hapo ndipo pindo lilitakiwa kubana, taratibu, kama mkono unaomshika mtu asiporomoke. Likibana mapema lingemwangusha mvaaji. Mwantumu alikaa kwenye ngazi ya kibanda akaandika amri mpya kwenye kibao, huku watu themanini wakimsubiri. Akaijaribu kwa magoti yake mwenyewe, akaanguka mara mbili kwenye majani. Akarekebisha. Mara ya tatu hakuanguka.

Sikudhani alivaa, akashuka kwenye njia ya mawe hadi akamezwa na ukungu. Walisikia nyayo zake tu. Baada ya saa moja hivi alirudi akihema kwa kupanda, akageuka ili wamwone nyuma ya magoti. Upande wa kulia chembe moja ilikuwa inawaka kijani. Upande wa kushoto nyingine ilikuwa inapepesa, karibu kujaa.

"Na magoti?" Mwantumu aliuliza.

Sikudhani alilifikiria jibu lake. "Nimeshuka kama nina miaka thelathini," alisema.

5

Siku hiyo walichuma chai kwa amri ya zamani, ile isiyochosha, na saa kumi alasiri walikusanyika getini. Hakuna aliyevua. Zaituni alikuwa ameambiwa na Mwantumu kwamba halazimiki kuvaa, na akajibu kwamba ameulizwa, amekubali, na asisumbuliwe tena.

Kabla hawajaondoka walitokea wabeba kabichi. Hao walikuwa watu wa vijiji vya juu zaidi, walioshuka kila alasiri na matenga kuwahi malori ya kwenda Mombo, na njia yao ilipita palepale. Walikuta umati wakauliza kuna nini. Mpimaji wa mizani aliwaeleza kwa maneno machache.

"Mtu mwenye mzigo naye anatoa?" aliuliza mmoja wao, jitu la mabega mapana lenye tenga kichwani.

"Anatoa zaidi," Mwantumu alisema. "Kadiri unavyokuwa mzito ndivyo goti linavyojizuia zaidi."

"Basi mimi na hizi kabichi tunafaa."

Kibandani kulikuwa na jozi thelathini za akiba. Ziliisha kwa dakika tano.

Wakashuka. Mwantumu alivaa jozi moja akatangulia, ili akiona mtu anayumba aisimamishe amri, lakini hakuna aliyeyumba. Mwanzoni walikwenda kwa tahadhari, mikono imetandazwa. Kufikia kona ya tatu walizoea namna pindo lilivyowapokea kila hatua, na mwendo ukafunguka. Wanawake waliokuwa wakishuka ubavuubavu kwa miaka walishuka wakiwa wamenyooka. Mtu akaanza kuimba wimbo wa kuvunia mahindi kwa Kisambaa, na hatua zikaupata. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Mwantumu alipogeuka hakuona watu. Aliona taa ndogo za kijani, mbili mbili, zikiongezeka kwenye njia yote juu yake, zikishuka kwa mapigo ya wimbo.

Alisimama kando, akawaacha wapite. Alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa sweta, akakimbia kuwawahi.

Hospitali ilikuwa imeshaanza kubana. Tangu saa sita, aliposikia amri imezimwa, Daktari Gwakisa alikuwa ameyapunguza makoti yote nguvu kwa robo ili akiba ivuke mchana wa kesho yake. Hoza alikuwa amekuja mwenyewe kwa miguu, akakaa benchi la nje, akaomba lake lipunguzwe kwa nusu. Walipofika alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekuwa ya kijivu, kifua kikipanda kwa shida. Mwantumu alichomoa chembe zilizojaa kutoka kimfuko cha goti lake, akazitia kwenye koti la mumewe kwa mikono yake, akalirudisha kwenye nguvu kamili. Liliminya. Likaachia. Alimshika mkono hadi rangi iliporudi.

"Ni kina nani wanaoimba?" Hoza aliuliza.

"Ni watu wa chai. Na kabichi."

Muuguzi wa zamu alitoa sinia la chuma la kupokelea chembe. Likajaa. Akaleta beseni. Beseni lilipojaa watu wakaanza kuzimimina kwenye kanga iliyotandazwa sakafuni. Daktari alichuchumaa akahesabu kwa mafungu ya ishirini, mwenyewe, midomo ikicheza. Makoti yalihitaji mia sita na ishirini na nne. Alipofika mia sita na ishirini na nne, kwenye kanga bado kulikuwa na rundo. Aliendelea hadi mia nane na sabini na moja, akaketi sakafuni palepale.

Alimwona Sikudhani mlangoni.

"Mama," alisema, "mimi ndiye niliyemwomba fundi asiwaambie."

"Tumeambiwa," Sikudhani alisema. Mwantumu hakuwa amemwambia, lakini habari huteremka mlima haraka kuliko watu. "Ulidhani tutasema hapana?"

"Niliogopa mtasema hapana."

"Siku nyingine ogopa, halafu uje uulize." Akainama akamsaidia kuokota chembe zilizobingirika chini ya kitanda.

6

Siku ya tatu baada ya hapo Mwantumu alimaliza kufunga kitufe kwenye mapindo ya jozi zote mia moja na kumi, upande wa nje, mahali ambapo kidole gumba hufika bila kuinama. Kikibonyezwa pindo linalegea na halichukui chochote. Hakuna amri kutoka kibandani ambayo ingeweza kukipita. Njia hiyo aliifunga mwenyewe kwenye kibao mbele ya wachumaji, akawaonyesha. Amri ya mguu unaosukuma aliifuta kabisa.

Jioni hiyo, wateremkaji wakimimina chembe zao, gari dogo liliingia uani kutoka mlima wa pili. Ndani yake kulikuwa na mzee aitwaye Mbelwa, mpasua mawe wa zamani, amekaa wima katikati ya wanawe wawili waliomshikilia. Walieleza kwamba ana siku kumi na moja hajalala kitandani. Kila akilazwa anakosa pumzi kama anayezama, kwa hiyo analala ameketi, ameegemea meza, akishtuka kila dakika.

Wiki iliyotangulia Daktari Gwakisa angewauliza umri wake na kuwaomba wasubiri nje. Safari hii hakuuliza. Alikwenda kabatini, akatoa koti la ishirini na saba, ambalo halikuwa limevaliwa tangu ukungu uanze, akalikung'uta vumbi. Muuguzi akachota chembe kwenye beseni kwa kiganja, kama mtu anayechota mchele, wala hakuzihesabu.

Mzee alivishwa. Koti liliminya, likaachia. Mara ya kwanza alipambana nalo, macho yamemtoka. Mara ya tano aliliachia limfanyie. Daktari alimwegemeza kwenye mito minne, akasubiri. Akaondoa mto mmoja, akamwangalia usoni. Akaondoa wa pili. Wachumaji walikuwa wamejazana mlangoni na dirishani, wengine bado na makapu, na hakuna aliyekohoa. Mto wa tatu ukatoka. Mzee Mbelwa aligeuza shingo, akawatazama watu hao asiowajua kana kwamba anataka kuwaambia jambo, lakini kope zilimshinda. Daktari akaushika mto wa mwisho kwa mikono miwili, akauvuta polepole, na kichwa kikashuka juu ya godoro.

Alikuwa amelala chali, mdomo wazi kidogo, anakoroma.

Mwana wake mkubwa alijifunika uso. Sikudhani aliweka kidole mdomoni, akawaonyesha wenzake mlango. Walivua viatu. Walitoka mmoja mmoja kwa vidole vya miguu, wakapita benchi, wakapita ua, wakapita geti la hospitali, viatu mkononi, Mwantumu na Hoza wakiwa katikati yao. Walikwenda hadi barabarani, mbali vya kutosha wasije wakamwamsha, na hapo ndipo Sikudhani alipojaza kifua hewa na kupiga kigelegele. Wanawake themanini wakampokea.